Mchawi wa Sinema Alizaliwa Mahakamani

Salem hakuna mchawi aliyechomwa moto. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa katika eneo lile la Massachusetts, mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa kuwa aligoma kujibu shitaka, na wengine wasiopungua watano wakafia gerezani. Kuni hazikuwashwa hata mara moja, maana koloni lile lilifuata sheria ya Kiingereza, na kwa sheria hiyo mchawi alistahili kitanzi. Hata hivyo, muulize mpenzi yeyote wa filamu za kutisha wachawi wa Salem waliuawaje, atakujibu bila kufikiri: nguzo, kuni, moshi. Ndivyo alivyofundishwa. Filamu ya Kiingereza The City of the Dead, ya 1960, inafungukia hapohapo: kijiji cha Massachusetts, 1692, mwanamke kafungwa kwenye nguzo, moto unampanda huku akimwita Shetani, na baadaye sana anarudi kudai roho za watu.

Sina ugomvi na kosa hilo. Sinema ina ruhusa ya kuongopa, na moto unapendeza kwenye skrini kuliko kamba. Kinachostahili kufuatiliwa ni chanzo cha mengine yote: mbuzi mweusi anayeongea, karamu ya usiku wa manane msituni, mafuta ya kitoto kichanga ambayo mtu anajipaka ili aruke, kitabu cha Shetani cha kutia sahihi, alama ya siri mwilini. Wengi wetu tunadhani ni ngano za wanavijiji wa Ulaya. Vipande vyake vingine ni ngano, kweli. Lakini kuviunga kuwa hadithi moja, yenye Shetani mwenyekiti na wachawi wanachama, ilikuwa kazi ya watu waliovaa majoho: watawa, wanasheria, mahakimu. Kile tunachokitazama leo tukitafuna bisi kilianza kama maelezo ya mshitakiwa, yaliyoandikwa na karani, mshitakiwa akiwa amefungwa.

Mtawa aliyeshindwa kesi

Mwaka 1485 mtawa wa Kidominiko, Heinrich Kramer, alifika Innsbruck akiwa na waraka wa Papa Innocent VIII uliompa ruhusa ya kuwasaka wachawi. Miongoni mwa aliowakamata alikuwamo Helena Scheuberin, mke wa mtu mjini pale, ambaye alikuwa amemtukana Kramer hadharani na kuwashawishi watu wasiende kwenye mahubiri yake. Mahakamani Kramer akamwandama kwa maswali ya mambo ya kitandani, mpaka mwakilishi wa askofu akaingilia kati. Kesi ikavunjika, wanawake wakaachiwa, na Askofu Georg Golser akamtaka mtawa yule afungashe virago. Akaondoka, akakaa chini, akaandika Malleus Maleficarum, yaani Nyundo ya Wachawi, kitabu kinachomfundisha hakimu jinsi ya kumtambua mchawi, kumhoji, kumtesa na kumhukumu. Kesi aliyoshindwa mbele ya askofu aliishinda kwenye mtambo wa kuchapia.

Kitabu peke yake hakikuua watu, na hapa filamu nyingi zinatuchanganya. Zinatuonyesha giza la Enzi za Kati, na Kanisa peke yake likiwinda. Kilele cha mauaji hakikuwa Enzi za Kati hata kidogo. Kilikuwa takriban kati ya 1560 na 1650, zama za vitabu vilivyochapwa, vyuo vikuu na darubini za mwanzo. Wakatoliki waliua, Waprotestanti waliua, na hukumu nyingi zilitolewa na mahakama za kiraia. Wanahistoria wengi wanakadiria waliouawa Ulaya kwa hukumu za uchawi kuwa kati ya 40,000 na 60,000. Yale mamilioni tisa yanayozunguka mitandaoni hayana msingi. Karibu robo tatu au zaidi walikuwa wanawake, ingawa Iceland mambo yalikuwa kinyume na karibu wote waliochomwa walikuwa wanaume.

Hata Baraza la Uchunguzi wa Imani la Hispania, ambalo kwenye sinema ndilo jini la kila filamu, lilikuwa na mtu kama Alonso de Salazar Frías. Baada ya watu kuchomwa Logroño mwaka 1610, yeye alitumwa kwenye vijiji vya Wabasque kuchunguza, akasikiliza maungamo kwa mamia, kisha akaripoti kwamba hapakuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka pale watu walipoanza kuwazungumzia na kuwaandika. Sijui kwa nini hakuna aliyemtengenezea filamu kubwa yake mwenyewe. Pengine karani anayesoma mafaili na kusema ushahidi hautoshi hauzi tiketi.

Barua ya meya

Ukitaka kuona mchawi wa sinema akitengenezwa, nenda Bamberg, Ujerumani, mwaka 1628. Miaka miwili nyuma baridi kali ya mwezi Mei imeunguza mizabibu, vita vimechacha, watu wana njaa na wanatafuta wa kumlaumu. Johannes Junius, meya, anakamatwa. Mke wake ameshauawa kwa shitaka hilohilo. Anakana. Wanambana vidole kwa skrubu za chuma mpaka damu inatoka kwenye kucha.

Julai 24 aliandika barua ya siri kwa binti yake Veronika, kwa mikono hiyohiyo iliyopondwa, na barua hiyo ipo mpaka leo. Anamweleza kwamba mtesaji mwenyewe, alipokuwa akimrudisha gerezani, alimsihi: bwana, kwa ajili ya Mungu kiri chochote, kiwe kweli kiwe uongo, tunga kitu, maana mateso yanayokuja huyawezi. Junius akaomba muda wa kufikiri, akatunga. Alisema alikuwa amekaa bustanini kwake na mawazo yake, akaja msichana, akamlaghai kwa maneno matamu, kisha msichana akageuka mbuzi, akamkaba koo na kumtaka amkane Mungu. Alisema pia alikuwa akienda kwenye mikutano ya wachawi amepanda mbwa mweusi.

Haikutosha. Wakataka majina ya aliowaona huko. Akasema hakumtambua mtu. Basi akaambiwa aanze sokoni, apite mtaa mmoja baada ya mwingine, aende kwa huu arudi kwa ule, akitaja. Akataja. Kila jina aliloropoka lilikuwa faili jipya, na katika kila faili palihitajika mbuzi mwingine, mbwa mwingine, karamu nyingine. Mahakimu walipoona maelezo ya watu ishirini yanafanana, hawakujiuliza kama ni kwa sababu maswali yalikuwa yaleyale. Walisema: mnaona? Wote wamekiri kitu kimoja, lazima ni kweli. Junius alichomwa mwezi Agosti.

Sasa mtazame mbuzi Black Phillip katika The Witch ya Robert Eggers, iliyoonyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2015. Familia ya Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, wa New England ya miaka ya 1630 imefukuzwa kijijini kwa sababu ya kiburi cha dini cha baba. Wanalima pembezoni mwa msitu, mahindi yanaoza, mtoto mchanga anatoweka, na mbuzi mweusi wa nyumbani anazungukazunguka zizini huku mapacha wadogo wakidai anaongea nao. Mwisho wa filamu maandishi yanatuarifu kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo imechotwa kwenye shajara na kumbukumbu za mahakama za zama zile. Wengi huyasoma maandishi hayo kama muhuri wa ukweli. Ni ukweli, ila ni ukweli wa namna ya pekee: ndivyo watu walivyosema, na baadhi yao walisema wakiwa katika hali ya Junius.

Steringi ni nani?

Mtazamaji wa kibanda umiza huwa na swali moja kabla ya mengine: steringi ni nani? Ukishamjua steringi, umejua nani atapona na nani adui. Filamu za wachawi zinasumbua kwa sababu swali hilo halina jibu moja, na kila enzi imelijibu kivyake.

Jibu la zamani na rahisi ni kwamba mchawi yupo na ndiye adui. Black Sunday ya Mwitaliano Mario Bava, ya 1960, inaanza kwa kumpigilia mwanamke usoni kinyago chenye misumari ndani. Karne mbili baadaye anafufuka kulipiza kisasi. Angalia hesabu yake. Ukatili tunaoushuhudia ni wa wasakaji, lakini mwanamke akishafufuka na kuanza kunyonya watu, wasakaji wanageuka kuwa walikuwa sahihi, tena walikosea tu kwa kutomuua vizuri. Hadithi za namna hiyo zinaonekana kumhurumia aliyeuawa kwa dakika tano, kisha saa nzima inayobaki zinamthibitishia hakimu hukumu yake.

Jibu la pili linamgeuza hakimu kuwa jini. Mfano wake mkuu ni Witchfinder General ya 1968, ya kijana Michael Reeves aliyefariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 25. Vincent Price anamwigiza Matthew Hopkins, mtu halisi aliyezunguka mashariki mwa Uingereza kuanzia 1645, nchi ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, akitoza miji ada ya kusafishiwa wachawi. Mji wa Stowmarket ulilipa pauni 23, fedha nyingi wakati ule. Mateso ya wazi yalikatazwa na sheria, kwa hiyo Hopkins alitumia njia isiyoacha alama: kumnyima mtu usingizi usiku baada ya usiku na kumtembeza chumbani mpaka akili iruke. Padri John Lowes, mzee wa takriban miaka 80, aliendeshwa hivyo hadi akakiri, akanyongwa.

Ndani ya filamu Hopkins anakatwakatwa kwa shoka na mtazamaji anashusha pumzi. Hopkins halisi aliugua, akafia kwao Manningtree mwaka 1647, mwaka uleule aliochapisha kijitabu cha kutetea kazi yake. Humo aliorodhesha majina ya mapepo yaliyotajwa na watu aliowakesha, likiwamo Pyewackett, akadai ni majina ambayo binadamu hawezi kuyabuni. Miaka 370 baadaye, mwaka 2017, Mkanada Adam MacDonald alitoa filamu ya kutisha iitwayo Pyewacket, kuhusu msichana anayeita pepo limuue mama yake. Neno lililotoka kinywani mwa mtu aliyekeshwa limekuwa jina kwenye bango la filamu.

Wapo waliomtumia hakimu wa kale kumsema mtawala wa leo. Carl Theodor Dreyer alitengeneza Day of Wrath nchini Denmark mwaka 1943, Wanazi wakiwa wameikalia nchi, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Kuna onyesho moja humo ambalo sijaona la kulishinda. Bibi kizee Herlofs Marte amefungwa kwenye ngazi. Vijana wa kwaya wamepangwa, wanaimba wimbo wa Siku ya Hukumu kwa sauti nyororo. Ngazi inainuliwa, inasimama wima sekunde chache, halafu inasukumwa mbele, kifudifudi, kwenye moto. Hakuna damu, hakuna jini linaloruka mbele ya kamera. Kinachotisha ni mpangilio, kila mtu amesimama mahali pake, watoto wamefanya mazoezi. Na Dreyer haishii hapo. Anne, mke kijana wa mchungaji, anatamani mumewe mzee afe, anamwambia, mumewe anaanguka, anakufa. Mwisho, mbele ya jeneza, Anne anakiri kwamba alimroga. Hakuna aliyemgusa vidole kwa skrubu. Ameyameza maneno yao mpaka yamekuwa yake.

Otakar Vávra wa Czechoslovakia alifuata njia hiyo katika Witchhammer, iliyotoka 1970, muda mfupi baada ya vifaru vya Kisovyeti kuingia Prague. Kisa chake ni cha kweli, cha Moravia ya kaskazini. Mwaka 1678 bibi mmoja ombaomba alionekana akitoa ekaristi mdomoni na kuificha. Alitaka ikalishwe ng'ombe ili arudishe maziwa. Kwa kipande hicho cha mkate aliitwa jaji Boblig, na kwa miaka kama 18 watu wapatao mia wakauawa na mali za matajiri zikakamatwa. Padri Kryštof Lautner alijaribu kupinga. Akachomwa mwaka 1685. Watu wa Prague waliotazama filamu ile walikuwa na kumbukumbu za kesi za kisiasa za miaka ya 1950, zile ambazo mshitakiwa alisimama akajikaanga kwa maneno aliyokaririshwa.

Nchini Ufaransa, padri Urbain Grandier alichomwa Loudun Agosti 18, 1634, akituhumiwa kuwatupia mapepo watawa wa kike, huku Kadinali Richelieu akiwa na sababu zake za kutaka kuta za mji ule zibomolewe. Ken Russell alimfanyia The Devils mwaka 1971, filamu yenye kelele na uchafu mwingi mpaka wakaguzi wakaikatakata. Binafsi inanichosha, lakini kuhusu siasa iliyojificha nyuma ya pepo haijakosea.

Mtu wa kwanza kuona mchezo mzima alikuwa Mdenmark mwingine, Benjamin Christensen, na filamu yake Häxan ina zaidi ya miaka mia: ilitoka 1922, haina sauti. Sehemu yake moja inamfuata Maria, bibi mfumaji aliyeshitakiwa na wanawake wa nyumba moja. Anateswa, anakiri, na katika kukiri anawataja walewale waliomshitaki. Nyumba nzima inakwisha. Baadaye Christensen anasimulia kwamba mwigizaji wake mmoja aliomba kujaribishiwa ile skrubu ya kidole kwa utani, na anakataa kutuambia maungamo aliyoyapata kwake ndani ya dakika moja. Anatuambia pia kwamba yule bibi aliyemwigiza Maria alimgeukia katikati ya kazi, akamwambia Shetani yupo kweli, amemwona amekaa kando ya kitanda chake.

Filamu inapomwamini msakaji

Ndipo tunarudi kwa Eggers, maana yeye ana jibu la tatu: anatuwekea macho ya waumini wenyewe. Kwao mchawi wa msituni alikuwa halisi kama mbwa mwitu, basi kwenye filamu naye ni halisi, anamsaga mtoto na kujipaka. Nadhani ndiyo filamu bora ya kundi hili. Inatuonyesha baba, mama na watoto wakituhumiana ndani ya kibanda kimoja mpaka wanamalizana, na tunaelewa kwa nini, bila mtu kutuhutubia. Lakini hasara yake haifichiki: mbuzi anaongea. Mapacha walikuwa wakisema kweli. Shitaka limethibitika.

Boston hilo si tatizo, kwa sababu hakuna anayetoka ukumbini kwenda kumtafuta bibi wa jirani. Ingawa hata Marekani jambo hili limegusa watu halisi. The Conjuring ya 2013 ilimtumia Bathsheba Sherman, mwanamke aliyeishi Rhode Island na kufa mzee mwaka 1885, ikamfanya mchawi aliyemtoa kafara mwanawe na kujinyonga, tena ikampa undugu na Mary Eastey wa Salem kama ithibati. Jiwe la kaburi lake limeharibiwa zaidi ya mara moja. Na huyo Mary Eastey ndiye aliyewaandikia mahakimu kabla ya kunyongwa, akisema haombei uhai wake, anaomba damu isiyo na hatia isiendelee kumwagwa. Massachusetts ilifuta hukumu yake mwaka 1711. Filamu imemrudisha kizimbani.

Nigeria jambo hili lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1999 kanisa la mhubiri Helen Ukpabio, lenye makao Calabar, lilitoa End of the Wicked, ambamo watoto wanaingizwa uchawini na kutumwa usiku kuwaangamiza wazazi wao. Haikukusudiwa kuwa ngano. Ilikwenda sambamba na mahubiri. Watetezi wa haki za watoto waliishutumu kwa kuchochea wimbi la watoto kutuhumiwa, kupigwa na kufukuzwa majumbani katika majimbo ya Akwa Ibom na Cross River. Ukpabio amekanusha. Mwaka 2008 Akwa Ibom ilipitisha sheria ya haki za mtoto inayofanya kumwita mtoto mchawi kuwa kosa la jinai.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna haja ya kwenda karne ya 17. Mei 2008 umati ulichoma moto wazee 11 Kisii, Kenya, kwa tuhuma za uchawi. Usukumani, macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote yamehesabiwa kuwa ushahidi. Katika mazingira hayo, dijei anayetia sauti ya Kiswahili juu ya filamu ya Eggers hana nafasi ya utata. Inambidi aseme haraka nani mbaya. Akisema "huyo bibi ndiye mchawi mwenyewe", hajakosea kutafsiri.

Kwa hiyo kwa anayetaka kuanza mahali, ningemwelekeza kwanza kwenye I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia, ya 2017. Si filamu ya kutisha kwa vigezo vya dukani; kuna mahali utacheka sana. Shula, binti wa miaka tisa, anatuhumiwa baada ya mwanamke kumwaga ndoo ya maji mbele yake. Anapelekwa kambi ya wachawi, anafungwa utepe mweupe mgongoni kama wenzake, na afisa wa serikali anaanza kumtumia kutambua wezi na kuleta mvua. Kabla ya hapo anapewa hiari: akubali kuwa mchawi, au akate utepe ageuke mbuzi. Analala na swali hilo usiku kucha. Asubuhi anachagua uchawi, kama Tituba, mtumwa wa mchungaji wa Salem, aliyekiri Machi 1692 na akabaki hai, wakati waliokana walipandishwa kitanzini.